Lenzi ya Fokasi Moja: Pima Chumba Kwanza

Katika nyumba moja ya kata ya Sibwesa, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, iko picha ya bibi mmoja ukutani, ndani ya fremu ya mbao. Picha hiyo ilikuzwa kutoka katika kitambulisho chake cha mpiga kura. Wenye nyumba hiyo ni jamaa zangu kwa upande wa mama, na kila nifikapo hapo huitazama picha ile kwa haya. Bibi huyo alipigwa picha nyingi siku ya harusi ya mjukuu wake, wiki chache tu kabla ya kufariki, na hakuna hata moja inayoonyesha uso wake sawasawa. Sehemu ya lawama hiyo ni yangu mimi.

Mpigapicha alikuwa kijana mwenye bidii, na kamera yake haikuwa na hitilafu yoyote. Lenzi aliyokuwa nayo ilikuwa ile ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera, ya milimita 18 hadi 55. Mimi nafundisha fizikia chuo kikuu, na nilisomea udaktari wangu Jena, Ujerumani, katika taaluma ya mwanga. Kwa kujiona mjuzi, nilimpelekea kijana yule lenzi ya fokasi moja ya milimita 85, ambayo vitabu nilivyovisoma huko ughaibuni viliisifu kuwa ndiyo lenzi hasa ya picha za watu.

Asubuhi ya harusi bibi alimwita mjukuu wake chumbani ili ampe wosia na baraka. Chumba kilikuwa cha mita tatu hivi kwa tatu, chenye dirisha moja dogo. Kijana alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta, lakini ndani ya kamera aliona ama uso wa bibi peke yake, ama uso wa bi harusi peke yake. Akaivua lenzi yangu kwa haraka na kuirudisha ile ya kuvuta. Sasa wote wawili walienea, lakini mwanga haukutosha. Shata ilikaa wazi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na katika muda huo bibi alitikisa kichwa, bi harusi alijifuta machozi, na mikono ya kijana nayo haikutulia. Picha zote zikatoka na ukungu.

Makala haya yanakusudia kueleza sababu za kisayansi za mkasa huo, na namna ya kuchagua na kutumia lenzi za fokasi moja kwa picha za harusi na picha za watu, ili yaliyotupata sisi yasimpate mwingine.

LENZI HII NI YA NAMNA GANI?

Miale ya mwanga itokayo mbali ikipita katika lenzi hukutana nyuma yake mahali paitwapo fokasi. Umbali kutoka kwenye lenzi hadi mahali hapo ndio urefu wa fokasi, nao hupimwa kwa milimita. Lenzi ya kuvuta ina vioo vinavyosogea ndani yake, hivyo urefu wake wa fokasi hubadilika kwa kuzungusha pete. Lenzi ya fokasi moja haibadiliki: ikiwa ni ya milimita 50, itabaki kuwa ya milimita 50 daima. Mpigapicha akitaka mtu aonekane mkubwa zaidi, hana budi kumsogelea kwa miguu.

Mtu anaweza kuuliza: kuna faida gani kununua chombo kinachofanya kazi moja, ilhali kipo kinachofanya nyingi? Faida kubwa ni mwanga. Mtengenezaji anayeshughulikia urefu mmoja tu wa fokasi anaweza kuipa lenzi kitundu kikubwa kwa kutumia vioo vichache na kwa gharama ndogo. Ukubwa wa kitundu huonyeshwa kwa namba ya f, ambayo hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha kitundu. Kwa hiyo kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo kitundu kilivyo kikubwa.

Tuchukue mfano wa chumba cha Sibwesa. Lenzi ya kuvuta, ilipowekwa kwenye milimita 35, haikuweza kufunguka zaidi ya f/5. Kipenyo cha kitundu chake, basi, kilikuwa milimita 7. Lenzi ya fokasi moja ya milimita 35 yenye f/1.8 ina kitundu cha milimita 19 hivi. Kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo chake, lenzi hii ya pili hupitisha mwanga karibu mara 8 zaidi ya ile ya kwanza. Mtungi wenye mdomo mpana hujaa upesi mvua inyeshapo, na ndivyo ilivyo kwa kamera. Pale ambapo shata ilihitaji kukaa wazi sehemu moja ya kumi ya sekunde, ingetosha chini ya sehemu moja ya sabini. Tofauti hiyo ndiyo tofauti baina ya uso na ukungu.

Jambo hili si geni katika historia ya upigaji picha. Daguerre alipotangaza uvumbuzi wake mjini Paris mwaka 1839, aliyetaka kupigwa picha alilazimika kukaa kimya juani kwa dakika kadhaa, kwa maana lenzi za wakati ule zilikuwa na vitundu vidogo. Mwaka uliofuata, 1840, mwanahisabati Joseph Petzval wa Vienna alibuni lenzi ya fokasi moja kwa ajili ya picha za watu, yenye kitundu cha f/3.6, nayo ikatengenezwa na Voigtländer. Husimuliwa kwamba katika kukokotoa hesabu zake ndefu alisaidiwa na askari wa mizinga waliokuwa hodari wa hesabu. Lenzi hiyo ilipitisha mwanga zaidi ya mara 15 kuliko zile zilizoitangulia, na muda wa kukaa kimya ukapungua kutoka dakika hadi sekunde. Biashara ya studio za picha ikaweza kuenea ulimwenguni.

STUDIO ILIJENGWA KUFUATA LENZI

Hapa kwetu Afrika Mashariki zipo studio zilizopata sifa kwa picha za maharusi na za jamaa. Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na mjini Mombasa N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942. Picha zao zinatazamwa hadi leo kwa utulivu wa nyuso na upole wa mwanga wake.

Msomaji azingatie namna studio inavyofanya kazi. Mwenye studio huchagua lenzi, kisha hupanga chumba kufuata lenzi hiyo. Kiti cha mteja huwekwa kwenye umbali unaofaa, taa huelekezwa, na pazia hutundikwa nyuma. Kila kitu kikiisha kupangwa, ni mteja tu anayebadilika.

Mpigapicha wa harusi za vijijini yuko katika hali iliyo kinyume kabisa. Chumba cha bibi hakiwezi kupanuliwa, dirisha haliwezi kuhamishwa, na baraka haiwezi kurudiwa kwa sababu mpigapicha hakuwa tayari. Kwake yeye, lenzi ndiyo inayopaswa kuchaguliwa kufuata chumba. Hapo ndipo nilipokosea mimi: nilichukua ushauri uliofaa studio pana za ughaibuni, nikaupeleka kama ulivyo katika chumba cha mita tatu.

HESABU YA CHUMBA

Hesabu inayohitajika ni nyepesi, na mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Chukua urefu wa eneo unalotaka lionekane katika picha, zidisha kwa urefu wa fokasi, kisha gawanya kwa urefu wa kihisi mwanga cha kamera. Jibu ni umbali unaohitaji kusimama.

Kihisi ndicho kilichochukua nafasi ya filamu. Kamera za gharama kubwa zina kihisi kilicho sawa na ukubwa wa filamu ya zamani, yaani milimita 36 kwa 24. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo cha milimita 24 kwa 16 hivi. Tofauti hii ni muhimu sana, kwa sababu kihisi kidogo huona sehemu ndogo tu ya kile ambacho lenzi inakileta. Ndiyo maana lenzi ya milimita 50 katika kamera ya namna hiyo huwa kama ya milimita 75 katika kamera kubwa.

Tuseme tunataka kuwapiga maharusi wakiwa wamesimama, tangu miguuni hadi juu kidogo ya vichwa, eneo la urefu wa mita 2.2, kamera ikiwa imesimamishwa wima. Umbali utakaohitajika ni huu:

Kwa kamera yenye kihisi kidogo: lenzi ya milimita 35, mita 3.2, lenzi ya milimita 50, mita 4.6, lenzi ya milimita 85, mita 7.8.

Kwa kamera yenye kihisi kikubwa: lenzi ya milimita 35, mita 2.1, lenzi ya milimita 50, mita 3.1, lenzi ya milimita 85, mita 5.2.

Katika kila jibu ongeza mita moja, kwa sababu mpigapicha naye ana mwili, na wanaopigwa hawafai kubanwa ukutani. Kwa hesabu hii utaona kwamba lenzi yangu ya milimita 85, katika kamera ya kijana yule, ilihitaji karibu mita tisa ili kuonyesha maharusi wazima. Katika mita mbili na nusu alizozipata iliona eneo la sentimita 71 kwa 47 tu: kichwa na mabega ya mtu mmoja. Lenzi ya milimita 35, kutoka mahali pale pale, ingeona mita 1.7 kwa mita 1.1, yaani bibi kitini pake na mjukuu aliyepiga magoti mbele yake, na nafasi ikabaki.

Kwa hiyo mwenye kamera ya kihisi kidogo, ambaye kazi zake nyingi ni za majumbani, anunue kwanza lenzi ya milimita 35. Mwenye kihisi kikubwa aanze na ya milimita 50. Zote mbili hutengenezwa kwa kitundu cha f/1.8, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya kamera mpya ambayo wengi hushauriwa kuinunua. Lenzi ya milimita 85 ni ya baadaye, naye atakayeipata hatajuta, maadam ajue mahali pake: kanisani, ambapo mpigapicha hukaa mbali ili asiwazibe wazee, na uwanjani chini ya mwembe. Siku ile ile ya harusi, picha za kanisani zilizopigwa kwa lenzi ya 85 zilikuwa nzuri kupita zote.

UMBALI NDIO UNAOCHORA SURA

Wengi huamini kwamba lenzi fupi huharibu sura ya mtu kwa kuikuza pua. Ukweli ni kwamba pua hukuzwa na umbali, wala si lenzi. Tuseme masikio yako sentimita 12 nyuma ya ncha ya pua. Ukisimama sentimita 40 kutoka puani, masikio yako sentimita 52 kutoka kwako. Pua itachorwa kubwa kwa asilimia 30 zaidi kuliko masikio. Ukirudi hadi mita mbili, tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 6, na sura inakuwa ile tuliyoizoea tunapozungumza na mtu.

Hii ndiyo sababu picha za simu za mkononi zinazopigwa kwa karibu huwapa watu pua nene. Lenzi kuu ya simu nyingi ni fupi, hivyo anayetaka uso ujae picha hulazimika kusogea mno. Lenzi ndefu hutusaidia kwa njia moja tu: hutuwezesha kusimama mbali na bado tukapata uso mkubwa. Basi, uwe na lenzi gani iwayo, usimsogelee mtu kupita mita moja na nusu unapopiga picha ya uso. Ni afadhali ukate kingo za picha baadaye kuliko kumchora mtu sura isiyo yake.

KITUNDU KIKUBWA KINA GHARAMA YAKE

Mwanga mwingi haupatikani bure. Kadiri kitundu kinavyofunguka, ndivyo eneo linaloonekana bila ukungu, mbele na nyuma ya mahali ulipolenga, linavyopungua. Eneo hilo tuliite kina cha fokasi. Kwa kamera yenye kihisi kidogo na lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.8, kina hicho katika umbali wa mita mbili ni sentimita 12 hivi. Ukilenga ncha ya pua, huenda masikio yakapotea. Kwa hiyo lenga daima jicho lililo karibu nawe.

Kwa lenzi ya milimita 35 yenye f/2, katika umbali wa mita 2.5, kina ni sentimita 40 hivi. Watu wawili watatoka wazi iwapo tu nyuso zao ziko katika umbali unaokaribiana kutoka kwenye kamera. Mpigapicha asogee pembeni hadi awaone wote wawili sambamba, badala ya kusimama nyuma ya mmoja wao. Kwa picha ya ukoo mzima, iliyopangwa safu mbili au tatu nje ya nyumba, funga kitundu hadi f/5.6 au f/8, kwani nje mwanga upo tele.

Aidha, shata nayo ina kipimo chake. Kwa watu waliotulia, sehemu moja ya 60 ya sekunde yatosha kwa mkono usiotetemeka. Kwa maharusi wanaotembea, tumia sehemu moja ya 125 au chini ya hapo. Kwa wacheza ngoma, sehemu moja ya 250. Mwanga ukipungua, pandisha ISO. Picha itakuwa na chembechembe, lakini chembechembe huvumilika; uso uliopotea haurudi.

Wapo watakaouliza mbona tusitumie taa ya kamera. Taa ina kazi yake usiku ukumbini. Lakini ndani ya chumba cha matofali yasiyopigwa lipu, mwanga uliorushwa ukutani hurudi ukiwa hafifu na mwekundu, na ule uliorushwa usoni moja kwa moja huacha kivuli kikali nyuma ya kichwa. Zaidi ya hayo, mzee anayetoa wosia hastahili kumulikwa machoni kila sekunde tano.

NGOZI NYEUSI NA SHELA JEUPE

Kipima mwanga cha kamera kimetengenezwa kwa kudhani kwamba mandhari, kwa wastani, hurudisha asilimia 18 hivi ya mwanga unaoiangukia. Gauni na shela jeupe hurudisha zaidi ya asilimia 80. Bi harusi akijaza picha, kamera hudhani kwamba mwanga umezidi, nayo huupunguza. Gauni hugeuka kijivu, na uso wa ngozi nyeusi huzama gizani. Dawa yake ni kupima mwanga wa usoni, wala si wa gauni, kisha kuchungulia kwenye kioo cha kamera kama bado nyuzi na marembo ya shela yanaonekana. Vyote viwili vikishindikana, uokoe uso.

Dirisha ni rafiki mkubwa wa mpigapicha. Mwombe bi harusi na mzee waligeukie, wewe ukisimama kando yake bila kulifunika. Kamwe usiwapige wakiwa wamelipa mgongo, isipokuwa kwa kusudi maalumu. Lenzi yenye kitundu kikubwa pamoja na dirisha dogo hutoa mwanga wa upole ambao wenye studio waliutafuta kwa taa na vitambaa.

KUITUNZA LENZI

Lenzi ya fokasi moja hubadilishwa mara kwa mara, na vumbi la kiangazi huingia papo hapo. Panga kazi yako ili ubadilishe mara chache: lenzi fupi nyumbani, ndefu kanisani. Badilisha ndani ya nyumba, mdomo wa kamera ukielekezwa chini. Wakati wa masika adui ni unyevu, ambao huotesha kuvu katikati ya vioo. Lenzi iliyofungiwa ndani ya mkoba wa ngozi kwa miezi huharibika upesi. Iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga barabara pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, nawe uitoe na kuitumia mara kwa mara. Anayenunua lenzi iliyotumika aitazame kwanza dhidi ya mwanga. Akiona nyuzi kama za utando wa buibui ndani yake, aiache.

Kwa kumalizia, nawaomba vijana wanaoishi kwa kazi hii wajenge desturi moja. Siku moja kabla ya harusi nenda nyumbani kwa maharusi. Omba kuonyeshwa chumba ambamo wazee watakaa. Kipime kwa hatua, tazama dirisha liko upande gani, na upige picha moja ya majaribio saa ile ile ambayo shughuli itafanyika. Kwa dakika kumi utakuwa umejua lenzi ya kubeba na mahali pa kusimama.

Kijana wa Sibwesa sasa anafanya hivyo. Lenzi yangu ya milimita 85 bado anayo, na ameiongezea ya milimita 35 aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe. Safari yangu ya mwisho huko alinionyesha picha ya babu mmoja akimfunga mjukuu wake kitambaa begani, katika chumba kisicho kikubwa kuliko kile cha bibi. Vidole vya babu vinaonekana kimoja kimoja, na macho yake yako wazi. Nilimuuliza alisimama wapi. Akanijibu kwamba alisimama kando ya dirisha, hatua tatu kutoka kitini, na kwamba alikwisha kuzihesabu hatua hizo tangu jana yake.